Kahambu Alikuja na Njaa

Mimi sinywi pombe, sioti ndoto muchana, na sikukaa shuleni muda wa kutosha kujifunza kudanganya kwa maandishi. Niko mama muzee. Nimezika watu wengi kuliko wale nilio nao kwenye nyumba. Kwa hiyo ukikuta hapa kitu ambacho akili yako inakikataa, usinicheke haraka. Hata yangu ilikikataa, na utaona ilinifikisha wapi.

Watu wanasema mambo ya namna hii yanakuja usiku. Uongo. Hili lilinijia saa nane ya muchana, siku ya posho, yaani Jumamosi, kesho yake ikiwa misa, jua likichoma mabati, hapa hapa Goma, kwenye mulango wangu uliokuwa wazi.

Nianze na Kavira. Kavira ni mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu. Nilimulea tangu akiwa na myaka sita, na alikufa akiwa na myaka kumi na tisa. Homa ya tumbo, siku tano tu. Alikuwa anasuka watu nywele hapa kwenye baraza, na vidole vikimaliza kusuka vilikwenda moja kwa moja kwenye telefone. Humo mulikuwa muchezo. Nilikuwa ninauangalia juu ya bega lake, kwa nini nikufiche? Mutu anatupwa porini, hana hata kisu. Anakata miti, anavunja mawe, anajitengenezea shoka, anajijengea nyumba. Halafu anakamata wanyama, wanyama wa ajabu, mwingine ana manyoya ya kondoo na mabawa ya bata. Anawafuga, na wao wanamufanyia kazi: huyu anachota maji, huyu anawasha moto, huyu analima. Usipowalisha wanakonda, wanalala chini, wanakufa.

"Kavira," nilimuambia, "mimi nilitupwa porini kweli, na watoto mugongoni, na hakuna mutu aliyeniambia kwamba ni muchezo."

Akacheka. "Koko, wewe ungeingia humu ungeshinda wote. Wanyama wangekuona tu, wangejifunga kamba wenyewe."

Alikuwa na mudomo, mutoto yule. Hivyo njo wajukuu wote wananiita, koko, lakini yeye alilivuta neno lile kama mutu anayeomba sukari.

Sasa sikiliza vizuri. Sisi Wanande hatumupi mutoto jina hivi hivi. Jina linahesabu. Musichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu Kavugho, wa ine Kahambu. Binti yangu alizaa wasichana wane kwa mustari huo, bila kuruka. Tulipokimbia vita tukafika kwenye kambi pale Munigi, na kuhara kukaingia kwenye hema. Kwa juma moja nilizika Masika, nikazika Kavugho, nikazika Kahambu ambaye alikuwa bado ananyonya. Mama yao aliwafuata kabla mwezi haujaisha. Nikabaki na wa pili peke yake.

Nikaweka sheria: kwenye nyumba yangu majina yale hayatajwi. Kavira akiwa na myaka tisa aliniuliza siku moja, tukiwa tunakula, "Koko, Masika alipenda kula nini?" Nilimupiga kofi. Moja tu. Hakuuliza tena, na mimi nikafikiri amesahau.

Homa yake ilipopanda, siku ya mwisho, alinishika mukono. "Koko, nani atawalisha wangu?" Wake gani? Kavira hakuwa hata na kuku. Nikaona ni homa njo inasema. Nikamuambia, "Nyamaza, lala." Akalala.

Telefone yake niliizima mwenyewe, nikaiweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vitenge vyake. Mupango wangu ulikuwa kuipeleka kwa fundi aifute yote, nimupe mutoto wa dada yangu anayesoma. Matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, nikabaki na viti.

Basi, siku ya posho ile nilikuwa ninachambua maharage. Nikasikia, "Hodi, Koko."

Alikuwa musichana wa myaka kama kumi na tatu, kumi na ine. Amekonda, mifupa ya shingo inahesabika. Lakini kilichonishangaza ni miguu. Unaijua Goma. Tunatembea juu ya mawe ya volkano, meusi, yenye meno. Hata bibi arusi anafika kanisani na vumbi jeusi kwenye vidole. Huyu alikuwa pekupeku, na miguu yake ilikuwa safi kama ya mutoto aliyezaliwa asubuhi.

"Uko wa nani?" nikamuuliza.

"Niko wa Kavira."

"Alikuwa anakusuka?"

"Hapana. Nilikuwa ninakaa kwake."

"Kavira alikaa hapa, na mimi njo nilikaa naye. Usinidanganye, mutoto."

Hakubisha. Alisema tu, "Koko, nina njaa."

Wewe unafukuza mutoto mwenye njaa? Mimi hapana. Nilikuwa mukali myaka yote, lakini sahani yangu haijawahi kuwa mukali. Nikamuwekea bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza zilizobaki, visamaki vya ziwa kutoka soko la Kituku. Akamaliza. Nikamuongezea. Akamaliza. Akala na fungu langu la jioni, akakwangua hata sufuria, na tumbo lake lilibaki limeshikana na mugongo.

"Mutoto, unatia wapi chakula hicho?"

"Hakifiki," akasema.

Vipande viwili vya mwisho vya bugali alivifunga kwenye jani la ndizi. Nikamuuliza ni vya nani. "Vya wakubwa wangu, dada zangu. Wao wameshindwa kutembea."

"Na jina lako?"

"Kahambu."

Nilimukumbuka wa kwangu, sikatai. Lakini ukiita jina hilo sokoni, wanawake kumi watageuka. Nikamuuliza kama mama yeyote wa Kinande angemuuliza: "Kama wewe ni wa ine, wakubwa wako wako wapi?"

"Masika na Kavugho wako nyumbani."

"Na Kavira wenu?"

Akaniangalia kama mutu anayemuonea huruma mutoto mudogo.

"Kavira njo hajarudi, Koko."

Akainuka. Akaenda kwenye sanduku bila kuonyeshwa, akatia mukono chini ya vitenge, akatoa telefone. Niamini: telefone ile haikuwa na sharji tangu mazishi, na kwenye avenyu yetu umeme ulikuwa umekatika siku tatu. Kwenye mikono yake iliwaka.

Nikaona kiwanja chenye ukuta wa mawe meusi, kama wetu. Nyumba ya mbao yenye baraza, kama yetu. Mbele ya mulango wanyama wawili wamelala, mbavu nje. Juu ya vichwa vyao kulikuwa maandishi. Nikayasoma namna tunasoma sisi tulioacha shule mwaka wa pili: Ma-si-ka. Ka-vu-gho. Pembeni yao palikuwa kitanda cha majani kitupu, nacho kimeandikwa Ka-ha-mbu.

"Alitupanga kwa mustari," musichana akasema. "Nafasi ya pili aliiacha, ni yake. Jioni alikuwa anatuambia mambo ya mama. Mambo yako pia. Alisema wewe unagombana, lakini chakula haukatazi." Akanishika kidole, na mukono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mutoni. "Gusa hapa. Matunda yanaingia kwenye chombo. Kidole kimoja, Koko. Kila siku."

Ungefanya nini wewe? Mimi woga wangu tangu zamani unatokea mudomoni kama hasira. Nilivuta kidole, nikapiga kelele.

"Toka! Toka kwangu, shetani wewe!"

Hakukasirika. Alichukua jani lake la ndizi, akafika mulangoni, akasema, "Ulituzika mara moja, na hatukukulaumu, ulikuwa unakimbia. Usituzike mara ya pili."

Nikatoka nyuma yake. Njiani hapakuwa na mutu. Jirani yangu anauza makala, mkaa wa kupikia, upande wa pili, na alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Nikamuuliza, "Mama, musichana amepita wapi?"

"Musichana gani? Wewe njo ninakusikia unagombana peke yako. Nilifikiri unafukuza mapepo, nikasema ngoja amalize, nisije nikapigwa na mimi."

Nikarudi ndani. Telefone ilikuwa juu ya meza, nyeusi, imekufa. Lakini sufuria ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa sijatia hata tonge mudomoni.

Sasa nafika kwenye kosa langu, na simusukumii mutu mwingine. Ningeweza kutafuta sharji. Ningeweza kugusa kwa kidole kimoja. Siku ya Mungu nilienda misa, sikusikia neno hata moja la padri. Kesho yake, siku ya kwanza, asubuhi nikafunga telefone kwenye kitambaa, nikaipeleka kwa fundi karibu na Katindo.

"Futa yote," nikamuambia.

Kijana akaitia sharji, akaifungua, akaangalia. "Koko, humu muko muchezo. Mutu amejenga kwa myaka miwili. Nikiufuta haurudi."

"Nimesema futa."

"Angalia kwanza."

Akanigeuzia kioo. Walikuwa wameinuka. Wote watatu wamesimama kwenye mulango wa ukuta, na katikati yao, kwenye nafasi ya pili, amesimama mutu wa Kavira, yule aliyekuwa anamutembeza, na kikapu mugongoni. Wane, kwa mustari. Yule wa mwisho alikuwa ameshika kitu cha kijani mudomoni. "Hiki sijakiona kwenye muchezo huu," kijana akasema, "kama jani la ndizi." Wote walikuwa wananiangalia mimi. Si yeye. Mimi.

Nilitaka kusema ngoja. Lakini mimi ni mutu ambaye akisema amesema; maisha yote nimejisifu hivyo. Na kulikuwa watu nyuma yangu wanangojea, wananitazama.

"Futa, baba. Nina kazi nyumbani."

Akafuta. Kitu kilizunguka kidogo kwenye kioo. Halafu kioo kikawa cheupe, kikatusalimia kwa Kifaransa, kama hakijawahi kujua mutu.

Ile telefone sikumupa mutoto wa dada yangu. Nilirudi kwa fundi siku ileile, nikamuomba arudishe muchezo. Aliurudisha. Nikatupwa porini na mimi, bila kisu. Tangu hapo, kila muchana ninakata miti kwa kidole kimoja, ninavunja mawe. Nilijenga ukuta. Nilikamata wanyama watatu, nikaomba fundi awaandikie majina. Ni wanyama tu. Wanakula, wanalala, wanageukia ukuta. Nilimuuliza fundi, "Wale wa kwanza wako wapi?" Akasema, "Hawako, Koko." Nikamuuliza tena, wako wapi. Akainama, akajifanya anatafuta tournevisi, bisibisi yake.

Na jambo lingine, hata daktari ameshindwa kulieleza. Tangu siku ile ninakula, sishibi. Ninatia bugali, ninatia maharage, na tumbo linabaki linalia. Chakula hakifiki. Vitenge vyangu ninavizungusha mara mbili kiunoni. Mbele ya kila sahani ninataja majina yote mane kwa sauti, mimi niliyekataza, na jirani anafikiri ninasali.

Wewe unayesoma, usimukataze mutoto kutaja wafu wake. Atawataja tu, mahali ambapo hutasikia. Na mutu wako akifa akaacha kitu kinachongojea kula, kiwe kuku, kiwe paka, kiwe picha kwenye kioo, usianze kuuliza kama ni cha kweli. Lisha. Utauliza baadaye.