Mlango Unaohama

Kila nikirudi katika mji ule huwa sina anwani ya rafiki yangu Nyundo. Namtafuta kwa mlango. Nazunguka mitaa yenye majengo yaliyozungushiwa mabati, na mbele ya kila moja bango kubwa lenye picha ya ghorofa ijayo na miti ambayo hakuna atakayeipanda, mpaka nione mlango wa kijani uliofubaa, wenye kitasa cha shaba, umesimama pahala usipofanana na chochote. Hapo najua nimefika.

Nyundo ni mbomoaji. Jengo likishahamwa, mkandarasi wake humweka humo yeye na mkewe, wezi wasije wakang'oa mabomba na mbao kabla ya kazi kuanza. Kazi ikianza juu, wao hushuka chini. Ikiwafikia chini, huhamia kwingine. Ndoa yao yote wameiishi hivyo.

Mlango ulitoka katika nyumba ya kwanza aliyoibomoa, nayo ilikuwa ya baba mkwe wake, ingawa wakati huo hakuwa mkwe wa mtu. Binti wa nyumba ile alikuwa barabarani, anautazama ukuta wa chumba chake ukianguka. Akamfuata kijana mmoja mwenye nyundo, akamwambia, "Huo mlango usiuguse kwa hicho kitu chako." Kijana aliufungua skrubu moja moja, akaubeba mgongoni hadi familia ile ilikohamia. Kesho yake akarudi kuuliza kama umefika salama.

"Wenzangu wameolewa na wanaume," mkewe, shemeji yangu, hupenda kunitania. "Mimi nimeolewa na mlango. Huyu alikuja ameubeba."

Tangu hapo wanahama nao. Fremu ikiwa nyembamba, Nyundo huupiga randa. Fremu ikiwa ndefu, huuongezea kipande cha mbao chini. Ukiuangalia vizuri una viraka kama suruali ya fundi gereji.

Mara hii niliwakuta katika jengo la kona, ghorofa ya pili. Zamani chini lilikuwa duka la vitambaa na juu makazi. Baraza yake ina matao, na ngazi zake za mawe zimechimbika katikati kwa nyayo za watu. Mashine hazikuwapo. Nje kulikuwa na kibao kipya cha halmashauri: jengo la urithi, lisibomolewe.

"Wamenifungia kazi," Nyundo alinipokea, hata hajanikaribisha kiti.

"Wamekufungulia," mkewe alisema kutoka kwenye cherehani.

Halmashauri ilitaka mwangalizi wa kukaa humo moja kwa moja. Vyumba viwili vya mbele, vyenye roshani, vingekuwa vyao. Lakini ng'ambo ya mji mkandarasi alikuwa na hoteli ndefu ya kuangusha, na lori lake lingepita mchana huo huo kuchukua vyombo. Nyundo alikuwa hajajibu upande wowote. Alizunguka chumba, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayegonga kifua.

"Hapa ningeanzia," aliniambia, akionyesha juu ya dirisha. "Ukitoa jiwe hili, upande wote unakuja."

"Toa mkono wako hapo," mkewe alisema. "Shemeji, unaona ninachoshona? Pazia. Miaka yote sijawahi kushona pazia. Utashonaje pazia la dirisha ambalo mwezi ujao ni vumbi?"

"Nyumba isiyoondoka itanizeesha, mama."

"Umeshazeeka, baba. Ila hujakaa chini ukagundua."

Nilicheka peke yangu. Nje honi ililia. Nyundo alisimama kidogo, akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba za mlango wa kijani. Mkewe hakuinua kichwa. Mlango ulipotoka, Nyundo alishika upande wa nyuma, akangoja. Siku zote mkewe hushika mbele na kuita njia.

"Haya, shika."

"Leo sishiki. Ukienda, nenda. Mlango ukiutaka, ubebe. Mimi na pazia langu tupo hapa."

Nyundo akanigeukia. "Wewe mtu wa safari. Shika."

Nilishika. Nimeondoka kwenye vyumba vingi mno, siwezi kujifanya simwelewi mtu ambaye miguu inamwasha. Lakini sikuzijua amri za mkewe, lini useme inua, lini useme kona, na pale ngazi zinapogeuka pembe ya mlango iliukwangua ukuta. Lipu ya zamani ilimwagika miguuni mwetu. Ukabaki mchubuko mrefu, matofali mekundu yanachungulia. Juu, cherehani ilinyamaza.

"Weka chini," Nyundo alisema.

Mtu aliyeangusha mitaa mizima aliweka kidole kwenye ule mchubuko, akaufuata mwanzo hadi mwisho. "Hapa hapakuwa na alama," alisema. Akashuka mbio. Nilidhani anamwita dereva atusaidie. Alirudi na karai la chokaa na mchanga, vitu ambavyo mafundi wa halmashauri walikuwa wameshaviacha katika lile duka la chini, na kipande cha bati. Akabandika. Ikaanguka. Akabandika tena, ikaanguka tena.

"Loweka ukuta kwanza!"

Mkewe alikuwa amesimama juu ya ngazi, pazia begani. Nyundo aliloweka, akapaka, akasawazisha kwa kiganja. Ilikuwa kazi mbaya, imevimba katikati.

"Itaonekana?" aliuliza.

"Itaonekana. Kila ukipita hapa utaiona."

Honi ililia tena, ndefu. Nyundo alitoa kichwa nje kwenye tundu la dirisha la ngazi. "Nenda!" alimpigia dereva kelele. "Mwambie bosi nina kazi haijakauka!"

Lori liliondoka. Mkewe alishuka, akanisogeza kwa bega, akashika mbele.

"Nirudishie mlango wangu. Chumba kinaingia vumbi. Inua. Kona."

Kwenye kona Nyundo aliuinamisha mlango upande wake, karibu umwangukie, usije ukagusa palipo pabichi. Jasho lilimtoka.

"Upumzike?" mkewe aliuliza.

"Sipumziki," alisema. "Twende."