Kazi ya Marehemu Nolasco

Marehemu Nolasco, mpimaji mwenzetu, alinitumia kazi siku ya kumi na tisa baada ya sisi kumzika kijijini Nyakasimbi.

Sitanii. Nilikuwa ofisini kwetu Nkwenda, chai mkononi, ujumbe ukaingia: "Nolasco amekukaribisha kwenye mradi." Ndani kulikuwa na ramani za mashamba ya kahawa ya Nyakatuntu, zile alizokuwa anazimalizia alipoanza kuumwa.

Nilishikwa na uchungu. Nikajiambia labda aliituma kabla, mtandao ndio umechelewesha. Nikaivuta kwenye kompyuta yangu.

Hapo ndipo nilipokwisha.

Kazi zetu zote tunazitunza kwenye programu ya matoleo, inayokumbuka kila badiliko na nani kalifanya. Yangu ilikuwa ya zamani, ina tundu: mtu akificha amri ndani ya jina la folda, kompyuta inaitekeleza bila kuuliza. Tundu lilishazibwa kwenye toleo jipya. Miezi minane naombwa nisasishe, miezi minane nabonyeza "baadaye".

Mradi ule ulikuwa na folda ya namna hiyo. Dakika mbili tu. Mipaka ya mashamba mia tatu na kumi na mbili ikafutika kwangu pamoja na kumbukumbu zake za nyuma, kisha kwenye seva, maana funguo za seva zilikuwa kwenye kompyuta yangu humo humo.

Bila mipaka hiyo, inayothibitisha kahawa imetoka shamba gani, mnunuzi hachukui kahawa ya wakulima wetu. Na msimu ulishaanza.

"Shikamoo mama," nilimwambia Adelgunda, meneja wetu. "Ramani zimefutika zote."

"Marahaba." Akavuta kiti. "Sasa waitu, ndugu yangu, marehemu anatumaje kazi? Neno lake la siri nani alilijua?"

Nikafungua mdomo nimtaje kaka wa marehemu, aliyerithi laptop. Kisha nikakumbuka.

Siku ya kuondoa matanga, mali za marehemu zilisomwa mbele ya watu kama kawaida, asije mtu akaficha kitu. Shamba. Mbuzi wanne. Baiskeli. Laptop, pamoja na neno la siri alilolibandika kwenye kifuniko.

Lilisomwa herufi kwa herufi, kwa sauti, ili hata waliokaa nyuma kwenye migomba wasikie. Walikuwepo watu kama mia mbili.

Msomaji nilikuwa mimi.

"Tulilijua wote, mama," nikasema.

Hii ni wiki ya tatu nazunguka Nyakatuntu na simu mkononi, napima upya. Miguu imevimba. Jana mzee Mbonimpa alinisindikiza mpakani kwake, akauliza, "Si ulishapima hapa?"

"Nilipima, mzee."

Akatangulia kunifyekea njia. Nilimshukuru moyoni.

Ndugu zangu, kompyuta ikikuomba usasishe, sasisha. Na mtu akifa, mzikeni na neno lake la siri.