Mguu Aliouazima Ami

Juzi nilimpeleka binti yangu sokoni hapa Tabora kununua viatu vya shule. Muuzaji akabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba, akamuuliza, "Kidole kinagusa?" Nikatoka nje kama mtu aliyesahau kitu. Mwanangu alidhani bei imenishtua. Wewe nakwambia ukweli, maana sijawahi kumwambia mtu.

Nililelewa na bibi pale mtaa wa Cheyo, nyumba ya pili kutoka duka la Mwarabu ambaye mtaa mzima ulimwita Ami. Alitoka Yemeni kutafuta maisha, akaacha mke na binti mchanga. Kurudi, alisema kila mwaka, ni mwakani. Duka lilinuka mafuta ya taa, bizari na sabuni ya mche, na wakulima wakiingia alitaniana nao kwa Kinyamwezi hadi wakacheka. Lakini chakula alikula peke yake nyuma ya mizani, mlango kaupa mgongo. Bibi alimpelekea michembe, viazi vitamu vya kukaushwa juani, vilivyopikwa kwa karanga. Ami alisifia, kisha akasema yale yale: "Binti yangu hajui hata ninachokula."

Binti huyo alikuwa rika langu. Kwa hiyo kila mwaka, mapema kabla ya Ramadhani, Ami aliniita. "Njoo mwanangu, niazime mguu." Nilikaa juu ya gunia la mchele, akapiga goti, akanivalisha viatu vyeupe vya Idi. Vikishanienea vilivuliwa, bibi akavishonea ndani ya kitambaa cha marekani, vikapanda treni kwenda Dar kumsubiri msafiri. Mimi nikarudi kwenye kandambili zangu zilizoungwa kwa waya.

Mwaka wa kwanza nilifurahi kuitwa. Wa pili roho iliniuma, nikakunja vidole ndani ya kiatu. Ami akabonyeza ncha, akakuta nafasi.

"Kidole kinagusa?"

"Hakigusi, Ami."

Akaleta jozi ndogo zaidi. Nikakunja tena. Nilitaka vimbane yule mtoto nisiyemjua, basi. Nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, na Ami hakunishuku hata mara moja.

Kisha barua za kwao zikakoma. Kila Ijumaa baada ya swala alipita posta kufungua sanduku lake, akarudi mikono mitupu. "Wamenichoka," alimwambia bibi. Bibi akamwambia avute subira, barua huchelewa. Nilikuwa pale pale nikimenya karanga, wala sikuhusisha hili na lile.

Ami alifariki mwaka juzi, tukamzika hapa hapa. Binti yake alikuja kuuza duka, akiwa na binamu wa kumtafsiria. Nikawakaribisha chai. Mwanamke mrefu, miguu mikubwa, imara. Akasema viatu alivyotumiwa na baba yake vilifika kila mwaka, na ghafla vikaanza kuwa vidogo. Alilazimisha hadi kisigino kikachubuka. Mwaka wa mwisho mama yake aliviweka juu ya meza, akavitazama, akasema, "Baba yako ana mtoto mwingine huko. Huu ndio mguu anaoujua." Tangu siku hiyo hawakuandika tena.

"Ninyi majirani mlimjua," akasema. "Alikuwa naye?"

"Hapana. Hakuwa na mwingine ila wewe."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayemsitiri marehemu. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya ndala zangu. Nikamwongezea chai.

Sasa duka linauza makava ya simu, na gunia la mchele halipo, wala mizani. Bibi naye hayupo. Yule mwanamke alirudi kwao na baba niliyemtungia mimi. Yule wa kweli, aliyepiga goti akashika mguu wangu akiuwaza wa mwanawe, nimebaki naye peke yangu.