Pua ya Mama Mkwe na Ua la Haradali

Mama mkwe wangu alikuwa na pua, na pua hiyo ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya Woolwich, huku ughaibuni. Wiki niliyoolewa, mbele ya wageni waliokuja kumtazama bibi harusi, aliniambia nimpe mkono. Nikadhani anataka kuubusu. Akaunusa, kisha akaniambia nirudi nikaoge vizuri, bado nanuka kitunguu. Wageni walicheka huku wameziba midomo kwa kanga. Nililia bafuni, na nilipotoka nilikuwa namchukia. Chuki ile haijapoa hadi leo.

Kila kitu kilihukumiwa kwa pua ile: wali, shuka, nguo za watoto, hata majirani. Hakuna aliyekula kabla yeye hajafunua sufuria na kuvuta harufu.

Halafu akaugua ugonjwa ule uliotufungia sote ndani. Akapona, ila pua haikupona. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu nilimkuta jikoni anavuta tasbihi kwa utulivu, kando yake maharage yanaungua. Aliendelea kufunua sufuria kama zamani na kusema iliki imezidi, hata siku ambayo sikutia iliki. Siri ile niliiweka akiba.

Mwaka huu binti yangu alipewa kazi ya skuli: atafute ua la mwituni la jamaa ya haradali na aeleze amelitambuaje. Jumapili tukaenda sote Stratford, kwenye bustani iliyopandwa maua ya mbuga za Marekani. Tukapata mawili, yote ya manjano, yote yenye petali nne zilizokaa kama msalaba. Binti yangu alijua la kufanya. Ua la haradali lina vijiti sita vya chavua ndani, vinne virefu na viwili vifupi. Akainama ahesabu.

"Ya nini kuhesabu," nikamwambia, "na Bibi yupo? Haradali inajulikana kwa harufu."

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mwanawe upande huu, wifi yangu upande ule. Hangeweza kukataa. Nikachuma jani moja la kila mmea, nikayaponda kwa vidole. Moja lilinukia majani tu. Jingine lilinipanda puani kwa ukali wa haradali, nikapiga chafya. Nikampa.

Alinusa la kwanza, akanusa la pili, akarudia la kwanza. Alifumba macho. Sijawahi kumwona mtu akitafuta kitu kwa juhudi vile, na nilifurahi, sitadanganya. Mkuki kwa nguruwe.

"Hili," akasema, akainua lisilo lenyewe.

Wifi akalichukua lile jingine, akanusa, akakunja uso. Mume wangu naye akanusa, akacheka, akasema mama amezeeka. Binti yangu alikuwa ameshahesabu. "No, Bibi, it's the other one," akasema, bila ubaya wowote. Mama mkwe akapangusa vidole kwenye buibui lake.

Kwenye treni ya kurudi alikaa karibu nami, jambo asilolifanya siku zote, na mjukuu wake akamlalia begani. Alingoja mume wangu na dada yake wazame kwenye simu zao.

"Mwanangu," akaninong'oneza. Hakuwahi kuniita hivyo. "Miye siku hizi sisikii harufu. Sijui nikoje. Watu hawaniambii. Nambie wewe: nanuka?"

Alikuwa ananukia udi. Alijifukiza asubuhi ile, kama kila asubuhi, na buibui zima lilikuwa linanukia vizuri mno.

Nikageuza uso kidogo upande wa mlango, nikavuta pumzi.

"Kidogo, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwondoa mjukuu wake begani taratibu, asimwamshe, akainuka, akaenda kukaa mwisho wa behewa peke yake.