Mashahidi ya Kaburi Dogo

Mimi sikusoma. Maneno haya ninamtajia mjukuu wangu ayaandike, na nimemkataza kuyapamba.

Binti yangu wa kwanza amezikwa Diani, ndani ya ua wa hoteli. Alipofariki alikuwa ameanza tu kusimama kwa kushika ukuta, na wakati huo hoteli haikuwapo. Palikuwa na nyumba zetu, na nyuma yake makaburi. Marehemu mume wangu alichonga mawe mawili ya matumbawe, tuyaitayo mashahidi, akayasimika moja kichwani na moja miguuni. Lile la kichwani alilipaka chokaa na kulipachika simbi tatu za baharini, zile alizokuwa akizichezea mtoto.

Tulipohamishiwa ng'ambo ya barabara, tuliahidiwa kwamba makaburi hayataguswa, na kwamba kila Shaabani tutafunguliwa lango tuyafagie kabla ya Ramadhani. Tulifunguliwa kwa miaka mingi. Kisha hoteli ikauzwa, wakaja mabawabu wasioijua ahadi hiyo.

"Shosho, huku ni kwa wageni," mmoja wao, mtu wa bara, aliniambia.

"Mgeni ni wewe. Mimi nina mtoto humo ndani."

Akaniuliza kwa upole mtoto wangu anafanya kazi jikoni au vyumbani.

Shaabani iliyopita mjukuu wangu, aliyeajiriwa kuwafasiria wageni, aliniletea habari. Wasanii na wenye fikra kutoka nchi nyingi walikuwa wakikutana katika hoteli ile kuzungumzia utamaduni na siasa, nao walitaka mzee wa kuwaeleza jinsi ardhi ya pwani ilivyotutoka mikononi. Nilikubali kwa sharti moja: nikishasema, nipelekwe kaburini. Nilikwenda na ufagio wangu na chupa ya marashi. Bawabu yule yule alinifungulia, akaniamkia shikamoo.

Ukumbini walizungumza sana. Mengi hayakunigusa, ila mwanamke mmoja wa ng'ambo alieleza jinsi watu wake walivyoondolewa bondeni kwao, na nilijua kwamba huyu amefiwa. Zamu yangu ilipofika nilisema machache, nikainuka kwenda kaburini. Wengi walinifuata, baadhi yao wakiwa na kamera.

Njiani tulisimamishwa kwenye majani. Mchongaji mmoja, kijana wa Ulaya, alikuwa amejenga kwa mawe kuta za nyumba isiyo na paa. Alitueleza kwa unyenyekevu kwamba nyumba ile ni ya kuwakumbuka watu waliohamishwa hapa, na kwamba mawe aliyapata vichakani, nyuma ya jengo la kufulia nguo.

Ukutani, usawa wa kiuno changu, niliziona simbi tatu.

"Hili ni jiwe la mwanangu," nilisema.

Nikamwamuru mjukuu wangu afasiri. Alipokwisha, kijana yule aliiondoa mikono yake ukutani kana kwamba umemchoma. Alisema alidhani ni mabaki ya nyumba, na kwamba atayarudisha yote siku hiyo hiyo.

"Nipeleke ulipoling'oa," nikamwambia.

Alilichomoa jiwe, akalibeba kifuani hadi nyuma ya kwa madobi. Vichaka vilikuwa vimefyekwa ili mawe yapate kupita, na ardhi imesawazishwa. Hapakuwa na tuta wala alama. Alionyesha mahali, akageuka, akaonyesha pengine. Kisha akaanza kulia, na wenye kamera wakazishusha.

"Usinililie. Ni wapi?"

"Sijui, mama."

Akapiga magoti kutaka kulisimika pale aliposimama. Nilimzuia. Watoto waliozikwa pale ni wengi, na huenda angemwekea mtoto wa mwenzangu jiwe la wangu. Nilimwambia alilaze kando ya ukuta wa madobi, simbi zitazame juu. Lipo hapo mpaka leo.

Baadaye nilisoma Fatiha, nikaanza kufagia. Kwa kuwa sikujua kaburi lake ni lipi, nilifagia pote, kutoka ukuta wa madobi kuelekea uzioni. Yule mwanamke wa ng'ambo aliinama akawa anaondoa vijiti mbele ya ufagio wangu, wala sikumzuia.

Halafu nikafungua chupa. Marashi niliyochukua yalikuwa ya kaburi moja, tena dogo. Niliyanyunyiza tone tone, yakaisha kabla sijafika uzioni.