Jina la Njeru Jukwaani

Juzi nilipita kanisani Kibugu, nikawakuta akina mama kwenye mazoezi ya mchezo wa kuimba. Nilishindwa kuingia.

Mama aliigiza mchezo kama ule nikiwa mdogo, mikono yake ikinuka majani mabichi ya chai. Aliigiza mama aliyefiwa. Tangu tumzike mdogo wangu Njeru, aliyepewa jina la babu mzaa baba, alikuwa ameacha kuzungumza nyumbani. Alasiri ile, wimbo ulipofika katikati, akaita, "Njeru wakwa! Njeru wangu, mwanangu!" Wenzake wakamzunguka, wakaliimba jina lile pamoja naye mpaka akatulia. Tukirudi nyumbani alinishika mkono, akacheka. Nilidhani amefurahia makofi.

Mjinga mimi, nikamkimbilia baba, nikijua atafurahi. "Baba, mama ameimba jina la babu mbele ya watu wote!"

Baba aliweka kikombe chini, akamtazama mama. "Jina la baba yangu si la kuliliwa jukwaani. Usirudi huko tena."

Mama hakurudi. Hakucheka tena, miaka yote iliyobaki. Watu husema baba ndiye aliyemnyamazisha. Sijawahi kuwasahihisha.