Mlango wa Akina Zang

Waliosema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia hawakusema neno juu ya milango. Majira yale ya baridi, Wachina wakipigana na Wachina wenzao kusini mwa mkoa wa Shandong, kijiji kizima kililala wazi bila milango kama banda la mbuzi, na aliyechoshwa kuliko wote ni Fengzhi, mke wa Zang.

Alikuwa na mgonjwa. Mama mkwe wake alikuwa hoi tangu theluji ianze, na desturi ya kwao mtu akikaribia kukata roho hutolewa kitandani akalazwa juu ya ubao wa mlango wa nyumba yake. Ubao wenyewe jeshi la wakulima, lililopigana na lile la serikali, lilikuwa limeuazima. Bibi akakataa kufa.

"Sifi sakafuni kama paka. Nileteeni mlango wangu."

"Mama, mlango uko vitani."

"Mwanangu yuko vitani, na mlango nao? Una bunduki huo?"

Mwanawe, yaani mume wa Fengzhi, alikuwa akilisukumia jeshi hilo toroli la mtama, huku mwenyewe akila mikate mikavu aliyofungiwa nyumbani. Fengzhi alitundika gunia mlangoni, upepo ukaliangusha, akalitundika tena. Mwishowe akalitupa na kwenda kwa Kou, mwenyekiti wa kijiji.

"Mwenyekiti, mnapigana vita au mnafungua duka la mbao?"

"Shemeji, jeshi la serikali lina ndege, lina vifaru, lina malori. Sisi tuna nini? Tuna milango yenu. Tunaezekea mahandaki, tunavukia mito, tunabebea majeruhi. Malori yao yamekwama matopeni, mafuta hakuna. Umewahi kuona mlango ukaishiwa mafuta?"

"Nimeona bibi akiishiwa pumzi."

"Mlango utarudi. Wale wa serikali walipopita hapa kiangazi, mlango wa jirani yako waliufanya kuni, hata hodi hawakupiga. Sisi tuliomba."

"Mliomba mkiwa mmeshaushika."

Lakini hata Fengzhi, kwa hasira zake zote, alijua tofauti. Aliyeporwa huficha alichobakiwa nacho; aliyeombwa hununa, halafu hutoa. Ndege za serikali ziliwadondoshea askari wao waliozingirwa mikate, na mingi ikaangukia kwa adui zao. Matoroli ya wakulima yalitambaa tu, na haba na haba ikajaza kibaba.

Vita viliposogea, milango ikarudishwa, yote ikarundikwa kwenye uwanja wa kupuria nafaka, wa huyu juu ya wa yule. Wanawake waligombana mpaka sauti zikawakauka. Fengzhi alijitwika mmoja uliofanana na wao. Bibi akaupapasa.

"Si wetu huu."

"Mama, ubao ni ubao."

"Nife juu ya mlango wa watu, nikapokewe na mizimu ya ukoo gani?"

Fengzhi akaurudisha, akimlaani mwenyekiti, jeshi, na seremala wa kwanza duniani. Wa kwao aliukuta chini kabisa ya rundo. Ulikuwa na doa jeusi, refu kama mtu. Akausugua kwa majivu na maji moto mpaka vidole vikachubuka, doa lisitoke. Alitaka kulia kwa hasira. Damu ya mtu baki chini ya anayekufa ni nuksi, na bibi huyu alikuwa amekataa hata ubao safi.

Akamlaza hivyo hivyo. Mkono wa mama mkwe ukatambaa juu ya mbao, ukasimama kwenye doa.

"Nani alilala hapa?"

"Sijui, mama. Majeruhi."

"Wa jeshi gani?"

"Sijui."

"Alipona?"

Fengzhi akalitazama lile doa. "Sijui, mama."

Bibi akalipapasa doa tena. Kisha akasema, "Nisogeze."

"Wapi tena?" Fengzhi aliuliza, uvumilivu umemwisha.

"Pembeni. Mwenzangu apate nafasi."

Fengzhi akamsogeza mpaka ukingoni mwa ubao, akakaa chini, akamshika asianguke.